Aliyechelewa Kupona

Mwamina alikuwa anatafuta kopo la kupimia mbaazi, akakuta uhai wa mumewe umefichwa ndani yake.

Jirani alikuwa uani na ungo wake, anangoja kuuziwa. Kopo lenyewe, la maziwa ya unga, lilikuwa stoo, nyuma ya mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho, mahali ambapo halijawahi kukaa hata siku moja. Alipolitikisa likachakarisha kama limejaa majani makavu. Akafungua. Vidonge vya pinki, karatasi kwa karatasi, kila kimoja kimelala kwenye kijumba chake, hakijaguswa. Alikunja gauni akaketi juu ya gunia, akavihesabu kwa kidole. Sitini na mbili.

"Mama Sikudhani, hulioni hilo kopo?" jirani aliita.

"Nimeliona," Mwamina alijibu. "Ila mbaazi leo sipimi. Usinichukie, rudi kesho."

Vidonge hivyo alivijua kama anavyojua punje za mahindi yake. Mwezi wa tano, Mohamedi alishikwa na kifua wakati anavuna ufuta, kikambana mpaka akakaa chini katikati ya mstari. Akapelekwa Nachingwea mjini, kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam, na huko mshipa wa moyo wake ulioziba ukazibuliwa na kutiwa kijichuma kama kipande cha wavu mwembamba. Wenyewe wanakiita stenti. Kimepakwa dawa, wakaambiwa, ili mshipa usijizibe tena. Siku ya kuondoka, muuguzi Valentina alimshika Mwamina mkono na kumwonyesha maboksi mawili.

"Bibi, hiki cheupe ni cha maisha. Hiki cha pinki ni cha mwaka mzima. Asiruke hata siku moja. Ule wavu ni kitu kigeni mwilini. Ngozi ya mshipa inaota polepole kuufunika, na mpaka uufunike wote, damu ikigusa chuma inaweza kuganda ghafla. Ikiganda pale, hatuna hata muda wa kumfikisha hospitali. Umenielewa?"

Mwamina alielewa sana. Kila asubuhi alimpelekea mumewe maji kwenye kikombe cha bati, akakiona cheupe kinaingia mdomoni. Cha pinki, tangu mwezi wa nane, Mohamedi alikuwa anakitia mfuko wa shati. "Hiki kinanichoma tumbo," alisema, "nitakinywa shambani nikishatafuna kitu." Na yeye Mwamina, mwanamke asiyedanganywa na mchuuzi yeyote wa kijiji chao cha Naipingo, aliamini.

Jua lilipopinda Mohamedi alirudi na ndoo ya korosho, akanawa, akaketi mkekani. Mwamina alimletea ugali na kisamvu. Kisha akalileta kopo, akaliweka pale ambapo ilikuwa liwekwe bakuli la mchuzi.

Mohamedi alilitazama kopo. Hakunyoosha mkono.

"Kitendawili," alisema Mwamina.

Huo ulikuwa mchezo wao tangu wako wachumba. Walishagombana kwa vitendawili, wakapatana kwa vitendawili, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa Mohamedi akiwa nje ya chumba anategewa vitendawili na wakunga ili atulie.

"Tega," Mohamedi alisema kwa sauti ndogo.

"Ninazo mbegu za pinki. Nikizila, mwenye nyumba anabaki. Nikizificha, mwenye nyumba anahama."

Kuku alipita akadonoa kando ya mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua Nachingwea."

"Yote?"

"Yote, na mnada wake." Mohamedi alifuta uso kwa kiganja. "Mama Sikudhani, usipige kelele, nitakueleza."

"Umesikia kelele? Eleza."

"Harithi ameachishwa."

Mwamina alingoja zaidi, lakini Mohamedi alikuwa amemaliza, kama vile jina hilo linatosha. Na kwake lilitosha. Harithi wa Likunja, kule Ruangwa, waliingia naye jandoni mwaka mmoja, wakatahiriwa asubuhi moja kwa kisu kimoja. Na kwa maajabu ya Mungu, mwezi wa tano walikutana tena Dar es Salaam, vitanda vinatazamana, wote vifua vimebana, wakatiwa vyuma siku moja na daktari mmoja. Walicheka mpaka wauguzi wakawakanya.

"Alinipigia simu mwezi wa nane," Mohamedi aliendelea. "Amepimwa damu, ameambiwa miezi mitatu imetosha, cha pinki aache. Akaniambia, 'Mwenzako nimeshatoka kambini, wewe baki na ngariba mpaka mwakani.' Sasa mimi nikafikiri. Tumewekewa siku moja. Meza moja. Yeye apone, mimi nisipone?"

"Baba Sikudhani, mbona mlielezwa? Mimi nilikuwepo. Vyuma viko vya namna mbili, na dawa yake namna mbili. Wanafanya utafiti waone ni kipi mshipa unakipokea vizuri. Kompyuta ndiyo iliyochagua nani apate kipi. Wewe ulitia dole gumba pale mbele ya macho yangu."

"Vyuma viwili, sawa. Kidonda si kimoja?"

"Kidonda kimoja kivipi, kwenye watu wawili?"

Mohamedi aligeuza uso upande wa mikorosho. Alipoongea tena hakuwa mzee wa miaka sitini na sita; alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Nimechoka kuwa wa mwisho," alisema.

Hadithi hiyo Mwamina aliijua, nani asiyeijua. Jandoni, wari waliotahiriwa hutoka pamoja. Kibanda cha kambi huchomwa moto, watoto wakapewa nguo mpya, wakaenda nyumbani bila kugeuza shingo, na haruhusiwi mtu kutoka wakati mwenzake bado ana kidonda. Mwaka ule wavulana kumi na wanne walikuwa tayari. Mmoja hakuwa. Pombe ya wageni ikachacha, kuku wa sherehe wakaliwa na wasiohusika, akina mama wakanung'unika kule nyumbani, na kambi nzima ikangoja siku tisa kwa ajili ya Mohamedi. Kwa miaka hamsini na nne Harithi hakuwahi kumwacha apumzike. Kwenye harusi, msibani, kwenye mnada: "Huyu mnayemwona ndiye aliyetuchelewesha siku tisa!" Watu hucheka. Mohamedi naye hucheka, halafu akifika nyumbani hana hamu ya kula.

Mwamina alisogeza sahani, akakaa karibu naye.

"Hebu nikuulize. Siku zile tisa, wenzako walifanya nini?"

"Walingoja."

"Ngariba alikwambia utoke hivyohivyo na kidonda, kwa kuwa wenzako wamepona?"

"Thubutu! Angenitandika."

"Basi."

Mohamedi alilivuta kopo karibu.

"Aliyepona ndiye anayemngoja aliyechelewa," Mwamina alisema. "Hivyo ndivyo mlivyofundishwa. Wewe umekwenda kufanya kinyume. Umetoka kambini na kidonda, baba, na kibanda bado hakijachomwa."

Alibonyeza karatasi, kidonge kikadondoka kiganjani mwake, akampa na maji kwenye kikombe cha bati. Mohamedi alimeza. Mwamina alimtazama koo mpaka likashuka.

Namba ya muuguzi Valentina ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Mwamina, darasa la saba la zamani, aliisoma tarakimu moja moja akibonyeza simu yake ndogo. Mara mbili alikosea, akaanza upya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nina aibu ya kukueleza." Akaeleza. Upande wa pili muuguzi hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Mwamina zaidi.

"Cheupe alikuwa anakunywa?"

"Hicho naapa. Nilikuwa namwona kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi, niseme kama nyie. Ameanza leo? Aendelee, asiruke. Kifua kikibana, asingoje hata dakika, mpeleke hospitali ya wilaya na hiyo kadi. Sasa kipimo chake cha picha kilikuwa mwezi wa kumi na moja. Nitamwomba daktari, mzee aje wiki hii. Nauli ya utafiti ipo, msihangaike na hilo."

"Mwanangu, ngozi itakuwa imeota?"

"Sijui, bibi. Nisikudanganye. Ndiyo maana tunaangalia."

Simu ya pili Mwamina hakuhitaji kadi.

"Shemeji!" Harithi alipokea kwa kelele zake. "Vipi, mgonjwa wetu bado ananyonya vidonge?"

"Hanyonyi, shemeji. Ameacha tangu ulipomcheka. Siku sitini na mbili."

Mwamina alisikia mbuzi analia upande ule, na mtu anatwanga.

"Nilikuwa natania," Harithi alisema mwishowe.

"Najua."

"Shemeji, mimi na yeye tunataniana tangu hatujaota ndevu."

"Najua, shemeji. Sikukupigia kukugombeza. Nimekupigia ujue basi letu litapita Ruangwa lini."

Basi lilipoingia stendi ya Ruangwa asubuhi ya Jumatano, Harithi alikuwa amesimama na kanzu iliyopigwa pasi na begi la mjukuu wake la shule. Kipimo chake kilikuwa bado, lakini alikuwa amempigia Valentina mwenyewe akaomba wafanyiwe siku moja. Alipanda, akampa Mwamina mfuko wa ndizi mbivu, akaketi nyuma ya Mohamedi. Kutoka Ruangwa mpaka Mingoyo hakuna utani hata mmoja uliosemwa. Mwamina alitamani wangetukanana.

Hospitalini, Dar es Salaam, walifika kesho yake saa mbili. Ukumbi ulikuwa umejaa. Msichana wa dirishani alikuwa na faili mbili mbele yake na hakuinua macho. Aliita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla siku haijaanza:

"Nani yule mzee wa kusini aliyeacha dawa?"

Vichwa viligeuka. Mama mmoja aliyevaa dera alitikisa kichwa, akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Wakipewa vya bure hawathamini." Mohamedi alisimama. Kofia aliivua, akaikunja mkononi, akaikunja tena. Mwamina aliwahi kumwona mumewe akibeba gunia la kilo mia; hakuwahi kumwona akiwa mdogo namna ile.

"Ni mimi, mama," Mohamedi alisema.

"Ni mimi niliyemwachisha."

Harithi alikuwa amesimama pembeni yake, bega kwa bega. "Andika hivyo hapo kwenye faili. Harithi wa Likunja. Nilimcheka akaona haya. Kama kuna wa kusemwa, nisemwe mimi."

Msichana aliinua macho kwa mara ya kwanza. Aliwatazama hao wazee wawili, mmoja na kofia mkononi, mwingine kifua mbele kama anayekwenda kushtakiwa, na sauti yake ikashuka. "Kaeni babu zangu. Hakuna atakayesemwa. Mtaitwa sasa hivi."

Waliitwa. Mlango ulifungwa. Mwamina alibaki kwenye benchi na kofia mbili, mikanda miwili, na jozi mbili za kandambili.

Alijaribu kuomba dua, maneno yakawa yanarudi yaleyale. Basi akatega vitendawili peke yake. Nina mtwangaji ndani, hapumziki usiku wala mchana, na unga wake sijauona. Moyo. Hicho alikitunga mwenyewe mwezi wa tano, kwenye benchi hilihili. Akatunga kingine, kikakataa. Akavihesabu vigae vya sakafu. Akafikiri habari ya nyumba isiyo na mtu wa kujibu "tega."

Saa moja ilipita, na nusu yake. Mlango ulifunguliwa akatoka Daktari Rogath, kofia ya kijani kichwani, na Mwamina akasimama kandambili zote nne zikamwanguka.

"Bibi, njoo uone," alisema daktari. "Usiogope, njoo."

Ndani kulikuwa na kioo kama cha televisheni. Juu yake kulikuwa na duara, jeusi katikati, na ukingo wa rangi ya chungwa kama ganda la embe lililokatwa.

"Huu ni mshipa wa mzee, umetazamwa kutoka ndani. Tumeingiza waya mwembamba kupitia mkononi, una taa na unapiga picha. Hivi vidoto vinavyong'aa kuzunguka, unaviona? Ndicho chuma chenyewe. Sasa angalia juu ya kila kidoto."

Mwamina alisogeza uso. Juu ya kila nukta inayong'aa kulikuwa na utando mwembamba, laini, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

"Ni ngozi?"

"Ni ngozi. Imeota. Imefunika karibu wote." Daktari alibonyeza, duara likasogea, likasogea, likasimama. "Isipokuwa hapa mwishoni. Hivi vinne bado viko wazi. Hapa ndipo damu ingeganda. Haikuganda. Hakuna donge hata moja."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo mzee ana bahati kubwa, na hatumwombi Mungu bahati hiyo mara ya pili. Cha pinki kila siku mpaka mwezi wa tano. Akimaliza, tutaangalia tena."

Mwamina aliuma ncha ya mtandio wake. Machozi yalikuja yenyewe, hakuyafuta. "Na yule mwenziwe?"

"Yule amefunikwa wote."

"Basi chuma chake ndicho bora?"

Daktari Rogath alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kuulizwa hilo na wengi. "Hapana, bibi. Watu wawili hawatoshi kuniambia kitu. Mmoja ana sukari, mmoja hana. Mmoja kala dawa, mmoja kaficha kwenye kopo. Nahitaji mamia ya watu, na miaka. Kila mwili unapona kwa mwendo wake. Nikishajua, nitakuambia."

"Mimi nitakuwa nishakufa."

"Kwa jinsi unavyowalinda watu, wewe? Sidhani."

Wodini waliwalaza vitanda vinavyotazamana, kama mwezi wa tano. Kila mmoja alikuwa na bandeji ya kubana kwenye kifundo cha mkono. Mwamina aliwaeleza alichokiona, ngozi ya maziwa na vidoto vinne. Mohamedi alifumba macho, akavuta pumzi ndefu iliyokuwa kama imekaa ndani tangu siku ya kopo.

"Umenipita tena," alimwambia Harithi. "Wewe wote, mimi bado vinne. Haya sema, nimezoea."

Harithi alikuwa anachezea ukingo wa shuka.

"Mohamedi, zile siku tisa..."

"Nimesema sema."

"Zile siku tisa na mimi nilikuwa bado."

Mohamedi alifumbua macho.

"Nilikuwa na unyevu," Harithi alisema. "Asubuhi ile ngariba alipokuwa anakagua, nilijipaka jivu la moto, paonekane pamekauka. Akanipita. Akaja kwako, ukaonyesha kama kilivyo, akasema, 'Huyu bado, wote mtangoja.' Nililala kwenye zile nyasi nikamshukuru Mungu. Kama tungetoka siku ile, na vumbi lile na ngoma ile, ningeoza. Nilipona ndani ya siku zako."

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa ameacha kutafuna.

"Miaka hamsini na nne," Mohamedi alisema polepole, "unanisema minadani kwa siku ulizokula wewe?"

"Niliogopa mtu asije kuuliza. Nikaona nianze kucheka mimi."

Mohamedi alimtazama. Mwamina aliona bega la mumewe linaanza kutikisika, akashtuka, akanyanyuka amwite muuguzi, kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni kikapanda, Harithi akakidaka, na mara wazee wawili walikuwa wanacheka mpaka vitanda vinalia. Valentina alikuja mbio.

"Babu, mkono! Utatoka damu!"

"Iache itoke," Mohamedi alisema huku akifuta macho. "Jivu! Harithi, jivu!"

Harithi alipopata pumzi, aliinua mkono wake wenye bandeji. "Nyumbani wamenitengea mbuzi wa shukrani. Nitawaambia wamwache ale majani mpaka mwezi wa tano. Mimi nimepona, lakini sitoki."

Sasa kila asubuhi, Mwamina akiwa anawasha moto, simu ndogo inalia mara moja na kukatika. Ni Likunja hiyo, inauliza. Mohamedi anameza cha pinki mbele ya mke wake, anaonyesha ulimi kama mtoto wa chekechea, kisha naye anapiga mara moja na kukata. Hiyo ni Naipingo, imejibu.

Karatasi tupu Mwamina hazitupi. Anazitia kwenye kopo la maziwa, na kopo halikai tena stoo. Limekaa juu ya kabati, mbele ya macho. Limeshafika nusu. Wamekubaliana kwamba siku ya mbuzi watazimwaga zote uani na kuzichoma moto, kama kibanda, na hakuna atakayegeuka nyuma.

Leo, baada ya kumeza, Mohamedi hakuinuka mara moja kwenda kwenye mikorosho.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nimepewa uzio. Furaha yangu ni usionekane."

Mwamina alijua. Alikuwa ameuona uzio wenyewe kwa macho yake, umevaa ngozi ya maziwa. Lakini alikoroga uji, akajifanya anafikiri, akakoroga tena.

"Nimeshindwa," alisema. "Nikupe mji gani? Chukua Dar es Salaam."

"Siitaki kabisa."

"Basi Ruangwa?"

"Hiyo mwachie Harithi." Mohamedi alipokea bakuli la uji, akalipuliza. "Nipe hapahapa. Nipe Naipingo."

Akampa.